Mvuke Mkavu Uliopandisha Mahindi Timboroa

Mji mdogo wa Ndalu, magharibi mwa Kenya, hauna stesheni, lakini uko kati ya reli mbili. Mashariki yake lipo tawi la Kitale linalopitia Moi's Bridge, zamani Hoey's Bridge. Kusini-magharibi iko njia kuu inayopita Webuye na Bungoma hadi Malaba.

Tawi la Kitale lilikamilika mwaka 1926, na wakulima wa Trans Nzoia wakapata njia ya kupeleka mahindi Mombasa. Njia yenyewe ilikuwa na kiroja. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, lakini kabla ya kuteremka pwani, mahindi yalilazimika kwanza kupanda hadi kilele cha Timboroa, karibu mita 2,785. Hakuna reli nyingine katika himaya ya Uingereza iliyofika juu kiasi hicho. Injini iliyobeba maji yake na kuni zake iliwezaje kuvuta mzigo mpaka huko?

Tuanzie jikoni. Chemsha maji ya ugali, funika sufuria, kisha funua. Mfuniko umejaa matone, kwa sababu mvuke umegusa bati lenye ubaridi ukarudi kuwa maji. Injini za kwanza za reli hii, iliyoitwa Reli ya Uganda, zikiwemo 36 zilizotengenezwa na Baldwin huko Philadelphia, zilikuwa na kasoro hiyohiyo. Mvuke ulitoka kwenye boila ukiwa na unyevu, ukaingia kwenye silinda, na sehemu yake ikageuka maji kabla ya kusukuma pistoni. Kuni zilizouchemsha zilikuwa zimeteketea bure.

Dawa ilitoka Ujerumani. Mhandisi Wilhelm Schmidt alifikiri kwamba mvuke ukishatoka kwenye maji, urudishwe motoni. Reli za Prussia zilianza kulijaribu wazo lake mwaka 1898. Mtambo huo, supahita, ni mabomba membamba yaliyopachikwa ndani ya mabomba mapana ya moshi. Mvuke unaingia ukiwa na joto la nyuzi 200 hivi na kutoka ukiwa umepita 300. Ukigusa silinda, unapoa kidogo lakini haugeuki maji. Injini ya namna hiyo iliweza kuokoa takriban robo ya makaa na theluthi ya maji. Gharama yake ni kwamba mvuke mkavu hulainisha kidogo na huunguza mafuta dhaifu, kwa hiyo mafuta ya silinda yakabidi yawe bora, na vali bapa za zamani zikapisha vali za mviringo.

Likabaki swali la koki ya kufungulia mvuke, yaani regyuleta. Zamani ilikaa ndani ya kuba lililo juu ya boila, mbali na maji yanayotokota. Supahita ilipokuja, koki ikajikuta nyuma yake. Dereva akifunga, mvuke uliokwisha kuingia kwenye mabomba uliendelea kusukuma magurudumu. Wahandisi wengine wakaihamishia mbele, kwenye kisanduku cha moshi, mvuke unapotoka kwenye supahita, na badala ya mlango mmoja mzito wakaweka vali ndogo kadhaa zinazofunguka moja baada ya nyingine. Injini ikaanza kutii mkono papo hapo. Lakini vali hizo sasa zilikaa kwenye joto kali, na fundi wa karakana ndiye aliyelipia.

Ustadi wa dereva ulionekana kwenye mkono wa regyuleta. Akiufungua kwa pupa, magurudumu yanazunguka pale pale. Tena maji ya boila yanaumuka na kufuata mvuke hadi kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayabanwi, yanaweza kupasua kifuniko chake. Kwenye mteremko nako, akifunga kabisa, silinda zinanyonya moshi na masizi, na mafuta yanaungua. Aliyejua kazi aliachia upenyo mdogo wa mvuke.

Mwaka 1926, uleule wa kukamilika kwa tawi la Kitale, ziliwasili injini nne za kwanza za aina ya Garratt kutoka Beyer, Peacock ya Manchester: boila moja katikati, mitambo miwili ya magurudumu huku na huku. Ukoo huo ulifikia kilele mwaka 1955 na 1956, zilipotengenezwa Garratt 34 za daraja la 59, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilichoma mafuta mazito, zikavuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na reli ya upana wa mita moja haijapata kuona injini za mvuke kubwa kuzizidi. Dizeli ikazistaafisha zote kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mount Gelai na Mount Shengena zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli, Nairobi.

Lakini supahita haikustaafu pamoja nazo. Katika viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya, makapi ya miwa yanachomwa kwenye boila, na mvuke unapitishwa tena motoni kabla ya kufika kwenye tabo (turbini), kwa sababu matone ya maji hula mapanga ya tabo kama mchanga. Huko nyuma mahindi ya Trans Nzoia yaliondoka kwa mvuke huo. Leo unasaga muwa wa Bungoma, na sukari yake inaishia kwenye chai ya Ndalu.