Mafunzo ya usingizi: mtoto anafunzwa nini?

Siku hizi mzazi mwenye kichanga hakosi kushauriwa ampe mwanawe "mafunzo ya usingizi". Istilahi hii imetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na kisarufi haina kasoro. Lakini kichanga gani asiyejua kulala? Wengi hulala hata saa 16 kwa siku, ila kwa vipande vifupi vifupi, kwani mwili wao bado hautofautishi usiku na mchana. Tofauti hiyo huanza kujijenga yenyewe miezi miwili mitatu baada ya kuzaliwa.

Kinachofunzwa hasa ni kutomwita mtu anapoamka. Daktari Luther Emmett Holt wa New York, katika mwongozo wake wa malezi wa mwaka 1894, alisisitiza ratiba ya kunyonyesha na kukiona kilio kuwa mazoezi ya mtoto. Mwaka 1985 Richard Ferber wa Boston alikuja na njia yenye huruma kidogo: mzazi aingie chumbani, atulize, atoke, na kila mara akawie zaidi kurudi. Njia hiyo haikukusudiwa vichanga. Wengine waliisogeza huko, na ratiba za kunyonyesha zikashika kasi, hata mwaka 1998 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatoa tahadhari kwamba mtoto anyonyeshwe kwa kufuata dalili zake za njaa.

Hapo ndipo tafsiri yetu inapoficha jambo. Mtoto mchanga wa ziwa hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Homoni ya prolaktini, inayochochea maziwa, hupanda zaidi usiku, na ziwa lisilonyonywa hupunguza kutengeneza. Kwa hiyo "kumfunza kulala" mtoto wa wiki sita ni kumwachisha ziwa la usiku. Kiswahili kinalo neno hilo, na kila mama analijua uzito wake. Mshauri akilitaja waziwazi, mama atauliza maswali ambayo neno "mafunzo" halimruhusu kuuliza.

Sisemi kwamba njia zote hizi ni ukatili. Utafiti wa Australia uliohusu watoto wa miezi saba na kuendelea, ukawafuatilia hadi umri wa miaka 6, haukuona madhara ya kudumu, wala faida ya kudumu kwa mtoto. Kwa mtoto mkubwa kiasi hicho, anayeongezeka uzito vizuri na mama yake amechoka kupindukia, tunaweza kusema "kumzoesha kulala bila kubembelezwa". Ni refu, lakini halidanganyi.

Jambo la pili la kumlaza mtoto ambalo tafsiri yake inasumbua ni kumfunga nguo mikono ikiwa ndani. Biblia ya Kiswahili, kwenye habari ya kuzaliwa kwa Yesu, ina "nguo za kitoto". Hapo kitendo cha kufunga kimepotea. Wapo wasemao "kuviringisha", na wapo wanaochanganya na kumfunika gubigubi, ambako ni hatari kwa kuwa kunaziba uso. Mimi nachagua "kufunga", kwa sababu linasema kilichotokea kwa mikono. Mwangalie mtoto anayeanza kusikia njaa: anageuza kichwa huku na huku, anafunua kinywa, anapeleka ngumi mdomoni na kuifyonza. Kilio huja mwisho, na mtoto aliyekwisha kulia sana hushika ziwa kwa shida. Ukimkaza kanga hadi mabegani, ile ngumi huioni, naye akishapata joto na utulivu anaweza kupitiwa na usingizi zamu yake ya kunyonya ikapita.

Anayefunga, basi afunge kwa masharti. Mtoto alazwe chali, asifungwe wakati wa kunyonya, na asifungwe tena kabisa mara aonyeshapo dalili za kutaka kujigeuza. Miguu iwe huru kukunjika na kutanuka, kama ilivyo kwenye mbeleko. Japani ilianza kampeni mwaka 1975 ya kuacha kunyoosha miguu ya vichanga, na nyonga zilizoteguka zikapungua sana.

Mama, kabla ya kufurahia usiku mrefu, hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano kichanga anyonyaye vizuri hulowesha walau sita kwa siku. Zikipungua, mfungue, mwamshe, mpe ziwa, na mpeleke kliniki akapimwe uzito.