Santuri ya Voyager na Lugha za Binadamu katika Zama za Mbali

Wanafalaki wamekubaliana tangu zamani kwamba jua halitadumu. Mwangaza wake huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 katika kila miaka bilioni moja, na kwa hesabu hiyo bahari za dunia zitakuwa zimekauka baada ya miaka bilioni moja hivi, kabla jua lenyewe halijavimba na kuwa jitu jekundu baada ya miaka bilioni tano. Maandishi yote yaliyoko duniani, yawe ya mawe, ya ngozi ama ya karatasi, yamo katika hukumu hiyo. Miongoni mwa machache yaliyokwisha kuiepuka ni santuri mbili za shaba nyekundu zilizopakwa dhahabu, zenye upana wa sentimita 30, zilizofungwa ubavuni mwa vyombo viwili vilivyorushwa na Marekani mwaka 1977: Voyager 2 tarehe 20 Agosti na Voyager 1 tarehe 5 Septemba. Voyager 1 kilitoka katika eneo linalotawaliwa na upepo wa jua mwaka 2012, na mwenziwe kikafuata mwaka 2018. Huko hakuna mvua wala kutu, na yakadiriwa kwamba santuri hizo zaweza kudumu kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Mwanaisimu ana haki ya kuuliza ni lugha zipi zilizopewa hifadhi ndefu kiasi hicho, na ni nani aliyezichagua.

Kamati iliyotayarisha santuri iliongozwa na Carl Sagan wa Chuo Kikuu cha Cornell, naye Linda Salzman Sagan ndiye aliyesimamia salamu. Salamu hizo ni za lugha 55, na ziko pamoja na picha 115, sauti za dunia na muziki wa takriban dakika 90. Kazi ilifanywa kwa haraka, na wengi wa waliosalimu walikuwa watu wa jamii ya Cornell kwenyewe, katika mji wa Ithaca. Jambo hili si dogo, kwani ndilo linaloifafanua orodha nzima. Lugha za India pekee hazipungui kumi. Kichina kimegawanywa katika makundi manne. Kisumeri, Kiakadi na Kihiti, ambazo hazijapata msemaji kwa maelfu ya miaka, zimepewa nafasi kwa sababu chuo kilikuwa na wataalamu wake.

Katika Afrika kusini ya Sahara zimo tano: Kiila, Kiluganda, Kinguni, Kinyanja na Kisotho. Atakayeitazama orodha hii kwa jicho la isimu ataona mara moja kwamba zote tano ni za Kibantu. Kihausa hakimo, wala Kiyoruba, wala Kiamhari, wala Kisomali. Kiila, lugha ya watu wachache wa kusini mwa Zambia, kimo, Kiswahili hakimo. Kisha "Kinguni" si lugha moja, bali ni jina la kundi ambamo Kizulu, Kixhosa na Kiswati huwekwa. Na huenda hii ndiyo mara pekee ambapo jina la uainishaji limetumwa kwenye nyota likiwa limevaa joho la lugha.

Mtu asidhani kwamba Kiswahili kilikuwa hakijulikani wakati huo. Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwa limeundwa Tanzania tangu mwaka 1967, Bunge la Kenya lilikuwa limeanza kukitumia mwaka 1974, na vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vilikuwa vikikifundisha. Kuachwa kwake hakupimi uzito wake. Kunapima tu nani alikuwa karibu na kinasa sauti mjini Ithaca katika majuma fulani ya mwaka 1977. Kwa hiyo santuri, ambayo husifiwa kuwa sauti ya binadamu wote, ni bora isomwe kama hati ya kihistoria ya chuo kikuu kimoja: yasema mengi juu ya wanafunzi na walimu waliokuwa wamefika huko, na machache juu ya lugha za dunia.

Yaliyomo katika salamu zenyewe yana utamu wake. Wasemaji hawakupewa maneno ya kutafsiri, basi kila mmoja alisalimu kama alivyozoea kwao. Msemaji wa Kiamoy aliwauliza viumbe wa angani kama wamekwisha kula, akawakaribisha watembee wakipata nafasi. Salamu ya Kiluganda imejengwa juu ya kitenzi cha kulala, kama zilivyo salamu nyingi za Waganda, ikamalizia kwa kuwaombea amani kwa Mungu. Yule wa Kinguni aliwaita watu wakuu na kuwatakia maisha marefu.

Kiswahili kingekuwa na kazi ngumu zaidi. "Hamjambo" ni neno la ukanushi, kwa maana kwamba nyinyi hamna jambo. Mchambuzi asiye na habari nyingine angeweza kuamini kwamba binadamu hufungua mazungumzo kwa kukana. "Shikamoo" nayo huhitaji umri ujulikane. Mdogo ndiye aanzaye, na mkubwa hujibu "marahaba". Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6, na katika kundi hili la nyota ziko zilizolizidi mara mbili. Haielekei kuwa rahisi kuamua nani amwamkie nani. Zaidi ya hayo, salamu ya Kiswahili haikamiliki bila kiitikio. Voyager 1 kitapita umbali wa miaka ya nuru 1.6 kutoka nyota Gliese 445 baada ya miaka 40,000 hivi, na hata hapo hakuna ajuaye kama kuna mwenye kuitika.

Hata hivyo, si kweli kwamba Kiswahili hakijapata kufika angani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo kwenye nyota. Ilikusanya habari za vyanzo 339, na vipimo vyake juu ya Cygnus X-1 viliwasaidia wataalamu kukubali kwamba hapo pana shimo jeusi, yaani masalio ya nyota yaliyojikunja hata nuru haitoki. Elimu ya leo juu ya mwisho wa nyota kubwa inadaiwa sehemu na chombo chenye jina la Kiswahili. Lakini chombo chenyewe kilizunguka karibu na dunia, na mwaka 1979 kilianguka katika hewa kikaungua. Neno lile limebaki katika majedwali ya wanafalaki, na majedwali yako duniani.

Linabaki suala la kusomeka. Kisumeri kilifufuliwa katika karne ya 19 kwa sababu waandishi wa kale waliacha vibao vyenye Kisumeri na Kiakadi pamoja, na Kiakadi kikasomwa kwa msaada wa ndugu zake wa Kisemiti walio hai. Santuri haina kibao cha namna hiyo. Sekunde chache za kila lugha, bila tafsiri, hazitoshi kutenga hata viambishi. Lugha za Kibantu zinaaminika kuwa zimetoka katika lugha mame moja miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, na leo Mswahili hamwelewi Msotho. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ni ya mwaka 1728, humhangaisha mwanafunzi wa Kiswahili kabla ya kutimia karne tatu. Miaka 40,000 ni muda ambao hata wajukuu wa binadamu, wakiikuta santuri, wataisikia kama wageni.

Waundaji walilijua hilo kwa kiasi, ndiyo maana juu ya kifuniko cha alumini walichora namna ya kuizungusha santuri, mizunguko 16 na theluthi mbili kwa dakika, na pia wakapaka urani 238 safi. Nusu ya urani hiyo hugeuka dutu nyingine kila miaka bilioni 4.5, hivyo atakayeipima ataujua umri wa chombo bila kuhitaji neno lolote. Chini ya kifuniko hicho ndiko kiliko Kiila.