Daftari Moja, Nakala Nyingi

Katika zama zile ambapo kompyuta ya mezani ilikuwa bado haina mwenziwe wa kuzungumza naye, na gharama ya simu baina ya mji na mji ilimfanya tajiri ahesabu dakika, wahandisi wa Marekani walikabiliwa na mas'ala ambayo kila karani mwenye daftari lililonakiliwa aliyajua tangu kale: watu wawili wakiwa na nakala za kitabu kimoja, kila mmoja akaandika kwake bila ya kuwa na habari za mwenziwe, watasuluhishwa vipi wakutanapo?

Miongoni mwa waliolijibu swali hilo mapema ni Ray Ozzie, ambaye katika ujana wake alikuwa ameonja mtambo wa kompyuta wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois, na mwaka 1984 akaasisi kampuni ya Iris Associates, ambayo programu yake ilitoka mwaka 1989 kwa jina la Lotus Notes. Kila ofisi iliyoitumia ilikuwa na nakala yake kamili ya hifadhidata; kompyuta zikapigiana simu kwa modemu, aghalabu usiku, zikapeana yale tu yaliyobadilika tangu zilipoonana mara ya mwisho.

Kuongeza habari kulikuwa kwepesi. Taabu ilikuwa katika kufuta. Aliyefuta hakubakisha kitu, na nakala ya mwenziwe, iliyo na rekodi ile ile, ikija kuonana na yake, itadhaniwa kuwa imeleta habari mpya, na marehemu atafufuliwa. Watafiti wa Xerox walikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1987, wakaamua kwamba kila kinachofutwa kiachiwe cheti cha kifo, ili nakala nyingine nazo zipate kuarifiwa. Notes nayo ilifuata njia hiyo, na vyeti vyake kwa kawaida vilihifadhiwa siku 90. Ole wake, basi, msafiri aliyekaa na kompyuta yake zaidi ya muda huo, kwani alirudi na maiti wote.

Mwaka 1995 Microsoft iliutia ufundi huu wa kupatanisha nakala katika Access, hifadhidata ya watu wa kawaida. Mtu alikokota faili lake akalitia katika mkoba uliochorwa kwenye skrini ya Windows 95, akasafiri na nakala, kisha akirudi akaamuru zipatanishwe. Walakini faili halikubaki lilivyokuwa: majedwali yaliongezewa safu za siri za kufuatilia mabadiliko, na namba zilizokuwa zikijipanga zenyewe 1, 2, 3 zikaanza kutoka kiholela, ili nakala mbili zisitoe namba moja kwa wateja wawili. Karani aliyezoea mteja wa 347 alishangaa kumwona anayemfuata ana namba ya mamilioni, pengine yenye alama ya kutoa mbele yake.

Na walipohitilafiana wawili juu ya rekodi moja, nani aliyehukumu? Katika Access ya siku hizo, rekodi iliyobadilishwa mara nyingi zaidi ndiyo iliyoshinda. Zikilingana, ilishinda ile ya nakala yenye namba ndogo ya utambulisho, namba ambayo mashine yenyewe iliitoa. Kadhi gani angethubutu kuhukumu hivyo? Hata hivyo hukumu hiyo ilikuwa na fadhila moja kubwa: kila nakala, popote ilipokuwa, iliifikia sawasawa bila ya kushauriana na nyingine. Aliyeshindwa hakutupwa, maneno yake yaliwekwa kando yakimsubiri mwanadamu ayaangalie, na kwa jinsi nionavyo, hapo ndipo ilipokuwa hekima ya kazi nzima.

Intaneti isiyokatika ilipunguza haja ya haya yote. Muundo mpya wa mafaili ulioletwa na Access 2007 haukuukubali tena ufundi huu, na Access 2013 ikauondoa hata kwa mafaili ya zamani. Aliye na mafaili hayo mpaka leo hana budi kuyapatanisha kwa Access 2010 au iliyotangulia.