Neno Lililokosekana Agra

Sisi watunzi hupenda kusema kwamba lugha moja huunganisha nyoyo. Msemo huo naupenda, ila historia ya India na Pakistan hunilazimu kuuwekea mipaka.

Katika mazungumzo ya kila siku, Kihindi na Kiurdu ni karibu lugha moja. Mtu wa Delhi na mtu wa Lahore huelewana bila mkalimani. Tofauti hukua katika msamiati wa juu, ambapo Kihindi huchota Kisanskriti na Kiurdu huchota Kiajemi na Kiarabu. Na hukua zaidi katika hati. Sisi ambao Kiswahili chetu kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kabla ya hati ya Kirumi twajua kwamba kubadili hati si kubadili lugha. Hata hivyo, tangu zilipogawanywa mwaka 1947, nchi hizo zimepigana mara kadhaa, hasa kwa sababu ya Kashmir.

Tarehe 20 Februari 1999, Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, ambaye pia alikuwa mshairi wa Kihindi, alivuka mpaka wa Wagah kwa basi kwenda Lahore kuonana na Nawaz Sharif. Miezi tisa kabla, nchi zote mbili zilikuwa zimefanya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Azimio la Lahore likatiwa saini kesho yake. Lakini kufikia Mei, vita vilikuwa vimezuka katika milima ya Kargil.

Mkutano uliofuata ulifanyika Agra, mji wa Taj Mahal, Julai 2001. Safari hii Vajpayee alikutana na Jenerali Pervez Musharraf, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Pakistan wakati wa Kargil na ambaye alizaliwa Delhi mwaka 1943. Hapakukosekana lugha ya kuzungumza. Kilichokosekana ni maneno ya kuandika. Pakistan ilitaka Kashmir itajwe kuwa kiini cha ugomvi. India ilitaka ugaidi unaovuka mpaka utajwe waziwazi. Rasimu zikaandikwa na kukatwa, na usiku wa tarehe 16 Musharraf akaondoka bila tamko lolote la pamoja.

Linganisha na Simla, Julai 1972. Indira Gandhi na Zulfikar Ali Bhutto walikutana baada ya vita vilivyozaa Bangladesh, wafungwa wapatao 93,000 wakiwa bado mikononi mwa India. Humo ndimo ulimotajwa "mstari wa udhibiti" wa Kashmir, ambao ungeheshimiwa bila kuathiri msimamo wa upande wowote. Haukuitwa mpaka, wala haukukanushwa kuwa mpaka. Kila mmoja aliweza kurudi kwao na maana yake.

Januari 2004, mjini Islamabad, Vajpayee na Musharraf walipata neno lao. Musharraf aliahidi kwamba eneo lolote "lililo chini ya udhibiti wa Pakistan" halitatumiwa kuunga mkono ugaidi. Kashmir haikutajwa katika ahadi hiyo, lakini sehemu yake iliyo mikononi mwa Pakistan ilikuwamo. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Hapa pande zote mbili zililing'amua, na kwa kuwa zililing'amua, zilikubali.

Kwa hiyo nasema kwamba lugha moja hurahisisha salamu, wala haitoshi kuleta suluhu. Suluhu hutaka neno pana, ambalo mahasimu wawili wanaweza kusimama ndani yake bila mmoja kumdhalilisha mwenzake. Neno kama hilo halimalizi ugomvi, na wa Kashmir haukumalizika. Lakini Aprili 2005, basi lilianza kuvuka mstari wa udhibiti kati ya Srinagar na Muzaffarabad, likiwa na watu waliokwenda kuwaona jamaa waliotenganishwa nao kwa miongo mingi. Kwa abiria wale, uteuzi wa neno haukuwa pambo.