Kondoo Dume wa Paris na Ngozi ya Shangazi Yangu

Mnakumbuka ile video niliyoposti ya shangazi yangu akikama mbuzi hapa Kulamawe? Kuna mtu aliacha komenti: huyo mama alichomwa na mionzi, angalieni hapo chini ya shingo palivyo peusi, afadhali angebaki na dawa za kienyeji. Watu zaidi ya mia tatu wakaipenda. Nilianza kuandika jibu la matusi, nikafuta. Sababu ni kwamba miaka mitatu iliyopita hata mimi nilikuwa nasema hayo hayo, tena kwa sauti, mbele yake.

Kwa hivyo leo ni posti ya historia. Najua, wengi mtapita. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogeuka kuwa nauli na kodi ya chumba, kwa hivyo msinichukulie kama mhadhiri. Lakini nilikaa wiki tano Eastleigh nikimpeleka shangazi hospitali kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, na kwenye benchi ya kungojea hakuna kitu cha kufanya isipokuwa kusoma kwa simu. Nilichosoma ndicho hiki.

Mionzi ilianza kwa kuchoma watu. Hiyo si porojo ya mtaani, ni ukweli, na ndiyo maana hofu ya wazee wetu haikutoka hewani. Novemba 1895, Mjerumani anaitwa Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Miezi michache tu, kila fundi wa umeme Ulaya na Marekani alikuwa anachezea mashine hizo. Kule Chicago kulikuwa na kijana anaitwa Emil Grubbe, mwanafunzi wa udaktari, aliyekuwa akitengeneza zile bomba za kutoa mionzi. Mkono wake ukaanza kuwasha, kuvimba na kuchubuka. Wazo likawa: kama hiki kitu kinaua ngozi nzima hivi, si kinaweza kuua uvimbe pia? Grubbe alidai baadaye kwamba Januari 1896 alimtibu kwa eksirei mwanamke mwenye saratani ya matiti. Wanahistoria wamebishana sana na dai lake, maana ushahidi mwingi ni mdomo wake mwenyewe. Kisichobishaniwa ni mkono. Aliupoteza, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, na akafa mwaka 1960 akiwa na saratani.

Kwa maneno mengine, madhara ndiyo yaliyogunduliwa kwanza. Tiba ikafuata nyuma.

Wafaransa nao walipata somo lao. Henri Becquerel alibeba kichupa cha radiamu kwenye mfuko wa koti, akatoka na kidonda kifuani. Hiyo ilikuwa 1901. Madaktari wa wakati ule walikuwa wanapiga dozi kubwa kwa mara moja au chache, ngozi inaungua, mgonjwa anateseka, na mara nyingi saratani inarudi vilevile. Ukisikia "mionzi inachoma watu", ni hadithi ya enzi hiyo.

Sasa hapa ndipo inaingia sehemu yangu ninayoipenda, maana sisi ni watu wa mifugo. Miaka ya 1920, kwenye Taasisi ya Radiamu ya Paris, mtafiti anaitwa Claudius Regaud alikuwa anajaribu mionzi kwa kondoo dume. Lengo lilikuwa kuwafanya wasizae. Msicheke. Alifikiria hivi: korodani hutengeneza chembe mpya haraka bila kusimama, kama vile uvimbe wa saratani unavyofanya. Kwa hivyo korodani ni mfano wa saratani, na ngozi iliyo juu yake ni mfano wa mwili wa mgonjwa unaotaka kuulinda. Alipotoa dozi yote siku moja, kondoo hakuwa tasa bila ngozi kuharibika vibaya. Alipoigawa dozi vipande vidogo vidogo na kuitoa kwa siku kadhaa, kondoo akawa tasa na ngozi ikabaki salama.

Manze, nilipomsomea shangazi hiyo kwenye benchi alicheka hadi nesi akatoka kuangalia kuna nini.

Lakini ndiyo siri yote. Mionzi hukatakata maelekezo yaliyo ndani ya chembe za mwili. Chembe nzima ina uwezo wa kujirekebisha usiku ukipita. Chembe ya saratani imevurugika, inajirekebisha vibaya. Ukiwapa wote pigo dogo kila siku, yule mzima anaamka, yule mgonjwa anazidi kudidimia. Ndiyo maana mtu anaambiwa aje siku 25 badala ya moja. Daktari habahatishi na wala hataki pesa yako ya matatu.

Upande wa matiti, wakati huo Marekani na Ulaya wengi walikuwa wanafuata njia ya William Halsted, daktari wa upasuaji wa Baltimore: ondoa titi lote, misuli ya kifua, na tezi za kwapa. Mwanamke anabaki na mbavu na ngozi. London, Geoffrey Keynes, ndugu wa yule mwanauchumi maarufu, alianza miaka ya 1920 kuingiza sindano za radiamu kwenye titi na kuacha titi lenyewe mahali pake. Wenzake walimwona kama mtu wa fujo. Ilichukua karibu miaka sitini kuthibitisha kwamba hakuwa amepotea: mwaka 1985 Bernard Fisher wa Marekani na timu yake walitoa matokeo kwamba mwanamke mwenye uvimbe mdogo akitolewa uvimbe tu kisha apigwe mionzi, anaishi sawa na aliyekatwa titi lote.

Mashine nazo zilibadilika. Mwaka 1951, Kanada, wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa mashine ya kobalti, ambayo nguvu yake inaingia ndani zaidi na kuhurumia ngozi ya juu. Mwaka 1953, Hospitali ya Hammersmith ya London ikaanza kutumia mashine ya umeme isiyohitaji madini yoyote ndani. Ndiyo babu ya hizi linaki za leo.

Nairobi je? Kwa miaka mingi, kama huna pesa ya hospitali ya kibinafsi, mionzi Kenya ilimaanisha Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, basi. Mtu wa Moyale, wa Lamu, wa Turkana, wote foleni moja. Na majirani hawakuwa na nafuu. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya kobalti pale Mulago, ya mwaka 1995. Mwaka 2016 ikafa kabisa, haitengenezeki. Nchi nzima ikakaa bila mionzi. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kutibu wagonjwa 400 bure, na wengine walibaki kungoja hadi mashine mpya ilipozinduliwa mapema 2018. Hebu fikiria uko katikati ya matibabu yako, umefika siku ya kumi, halafu mashine pekee ya nchi inazima.

Kwetu Kenya saratani iliingia kwenye mazungumzo ya mezani mwezi Julai 2019, mwezi ambao tulimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, kisha mbunge Ken Okoth, kisha gavana Joyce Laboso, wote wakifuatana. Nakumbuka nikiwa shule, mwalimu akizima redio. Tangu hapo hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta imefungua milango, na Garissa, Nakuru na Mombasa zimepata vituo vya mionzi. Kwa mtu wa Kulamawe, Garissa si mchezo. Unaweza kupitia Modogashe badala ya kuzunguka hadi Nairobi.

Shangazi hakubahatika kupelekwa huko. Alipangiwa Nairobi, siku 25. Na hakuna aliyetuambia mapema nini kitatokea kwa ngozi yake. Alipewa karatasi iliyosema ngozi "itakuwa nyekundu kama iliyochomwa na jua". Sasa niambieni, ngozi ya Mborana inakuwa nyekundu lini? Wiki mbili zikapita, ya tatu ngozi ikaanza kuwa nyeusi tii, kama makaa, na chini ya titi ikachubuka. Akaangalia karatasi, akaangalia kifua chake, akaamua mashine imeharibika na imemchoma. Jamaa wa pale tulipofikia wakakubaliana naye. Mimi pia. Akaacha kwenda. Alikuwa amebakisha siku tisa.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi kwenye hii historia yote. Vipimo vingi vya madaktari vya kupima ngozi ilivyoathirika viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, vikihesabu wekundu. Kwenye ngozi yetu dalili ni weusi, joto, kuwasha na kukaza. Mtu asipoambiwa hivyo, dalili ya kawaida inaonekana kama ajali. Na ukikatiza siku katikati, hesabu ya Regaud inavurugika: saratani nayo inapata nafasi ya kuamka.

Alikosa siku nne. Aliyemrudisha ni nesi mmoja wa kike aliyepiga simu, hakumgombeza, akamwambia tu: mama, njoo nikuone. Wakamwangalia, wakampa dawa ya kupaka pale palipochubuka, wakapanga upya siku zilizopotea, akamaliza. Kile nesi alitufundisha kwa dakika kumi na tano kilitusaidia kuliko karatasi yote.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, usisugue, kausha kwa kugusagusa. Mafuta ya kupaka yawe yasiyo na harufu, na uwaulize wao kwanza. Samli ambayo shangazi alikuwa ameletewa kutoka nyumbani ikarudi kwenye chai. Asijifukize udi kifuani. Asiweke barafu wala chupa ya moto. Ile michoro waliyomchora kwa kalamu asiifute, ndiyo ramani ya mashine. Sidiria yenye chuma ikae pembeni. Leso ya pamba ndani na dera pana juu, na hapo akina mama wetu tayari wako mbele ya Wazungu. Jua la Isiolo asilionyeshe hiyo sehemu, hata baada ya kumaliza. Kuhusu marashi ya kwapa, zamani vituo vilikataza kabisa, siku hizi tafiti zimelegeza kama ngozi haijachubuka, kwa hivyo fuata kituo chako.

Halafu uchovu. Huu hauonekani kwa hivyo watu hudhani ni uvivu. Unakuja polepole, unakaa hata wiki kadhaa baada ya mwisho. Ajabu ni kwamba kinachosaidia ni kutembea kidogo kila siku, si kulala tu. Na mkono wa upande huo aunyooshe na kuuzungusha kila siku usikaze. Ukianza kuvimba aseme mapema. Pia ngozi huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya siku ya mwisho, ndipo inapoa. Tungelijua hilo tusingelia siku tuliyofika nyumbani.

Na kwa wale wa DM: hapana, hakuwa "na mionzi mwilini". Mashine ikizimwa, imezimwa. Alibeba watoto, alilala na wajukuu. Nywele zake hazikutoka kwa mionzi ya kifua, zilitoka mapema zaidi wakati wa kemo.

Sasa kuna kitu nilisoma siku ya ishirini hivi, na kilinikasirisha. Uingereza walijiuliza kama siku 25 ni lazima. Wakajaribu dozi ya grei 40 kwa siku 15 badala ya grei 50 kwa siku 25, wakafuatilia wanawake kwa miaka kumi. Saratani ilidhibitiwa vilevile, na ngozi ilikaa vizuri zaidi. Wakafanya siku 15 kuwa kawaida yao mwaka 2009. Mwaka 2020 wakatoa matokeo mengine ya wagonjwa zaidi ya 4,000: siku tano tu, wiki moja, na baada ya miaka mitano saratani haikurudi zaidi.

Kwa mtu wa London tofauti ya siku 25 na 15 ni usumbufu wa treni. Kwetu ni wiki mbili za kodi Eastleigh, mbuzi wanaouzwa au wanaobaki, na mtu wa kumsindikiza ambaye ameacha kazi au chuo. Si kila mgonjwa anafaa mpango mfupi. Inategemea mashine, sehemu inayopigwa na jinsi alivyofanyiwa upasuaji, na huenda kwa shangazi daktari alikuwa na sababu nzuri. Lakini hatukuuliza, kwa sababu hatukujua kuna swali. Kama unampeleka mama yako, uliza kabla ya siku ya kwanza: ni siku ngapi, mpango mfupi unamfaa, na kituo cha karibu zaidi kinaweza kumtibu? Kama ni titi la kushoto, uliza pia wanaulinda moyo vipi. Kuna vituo vinavyomfundisha mgonjwa kuvuta pumzi na kuishikilia ili moyo usogee mbali na njia ya mionzi.

Jana jioni nilimwonyesha shangazi ile komenti. Aliisoma polepole, akarudi juu kuangalia ni wangapi wameipenda, akanirudishia simu, akaniambia niache kupiga domo nimshikie yule mbuzi mguu wa nyuma.