Hasheem Thabeet na Swali la Nafasi ya Pili

Wamarekani wana mjadala mmoja ambao hauishi. Kila mwaka wanaufungua upya: huyu kijana anayetamba chuoni, ataiweza kazi kule kwa wakubwa? Mara nyingi anayejadiliwa ni kwotabeki, yule mpanga mashambulizi katika futiboli yao ya kubeba mpira mikononi. Mwaka 1998 walibishana kuhusu wawili, Peyton Manning na Ryan Leaf, na wapo waliosema hakuna tofauti kubwa kati yao. Manning akachaguliwa wa kwanza, Leaf wa pili. Manning akawa mmoja wa wakubwa wa mchezo ule. Leaf hakumaliza hata miaka mitano kwenye ligi. Mwaka 2000 akachaguliwa kijana mwingine, Tom Brady, akiwa wa 199, baada ya karibu kila timu kumpita zaidi ya mara moja. Huyo akatwaa ubingwa mara 7.

Sisi Watanzania swali hilo tumelikuta mara moja kwa ukubwa wake wote, na halikuwa la kwotabeki. Lilikuwa la senta wa mpira wa kikapu, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, jina lake Hasheem Thabeet. Jibu lake tunadhani tunalijua: alifeli. Nataka tulisome tena jibu hilo polepole, kama tunavyorudia riwaya ambayo mara ya kwanza tuliimaliza kwa haraka.

Naandikia Kisesa, wilaya ya Magu, mwendo mfupi kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Huku kijana akirefuka kupita wenzake, stendi nzima inampachika jina: Hasheem. Nikiwa mwanafunzi, jina hilo lilikuwa sifa. Siku hizi nalisikia likitamkwa kwa kicheko. Jina ni lile lile na mtu ni yule yule, kilichobadilika ni hadithi tunayosimulia juu yake. Na hadithi ndiyo kazi yetu sisi tunaosoma na kuandika.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Hasheem alizaliwa mwaka 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao kijana wa Kimarekani mwenye ndoto kama yake huwa keshacheza nusu ya maisha yake. Akavuka bahari, akamalizia sekondari Houston, Texas, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Chuo hicho siyo cha kubahatisha. Calhoun alikuwa tayari ametwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mara mbili, 1999 na 2004.

Alikaa misimu mitatu. Wa mwisho, 2008 hadi 2009, ulikuwa msimu wa mtu mzima: wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mchezo. Makocha wa vyuo walimtaja mlinzi bora wa nchi nzima miaka miwili mfululizo. Timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, ikatolewa na Michigan State. Kwa hesabu za chuo, hakuwa na la kuthibitisha tena.

Juni 25, 2009, jijini New York, ikafika siku ya drafti. Siyo ile ya kete tunayocheza kijiweni, ni ile shughuli ya timu za NBA kuchagua vijana kwa zamu. Blake Griffin akawa wa kwanza. Wa pili, Memphis Grizzlies wakamtaja Hasheem Thabeet. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA aliingilia mlango wa mbele kabisa, kwa mshahara wa zaidi ya dola milioni 4 mwaka wa kwanza. Nyuma yake kwenye foleni, wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba Stephen Curry.

Hapo ndipo kicheko kinapoanzia. "Yaani walimwacha Curry!" Lakini kicheko hicho kinatazama nyuma, na kutazama nyuma hakuna anayekosea. Timu nyingine nne nazo zilimpita Curry usiku ule. Swali la haki ni hili: mwaka 2009, kwa yale yaliyoonekana, nani alikuwa na sababu ya kusema Hasheem hatafaa?

Sababu zilikuwepo, ila zilifunikwa na mfano. Maskauti wa Marekani walikuwa na vitabu viwili vya Kiafrika vichwani mwao. Cha kwanza ni Hakeem Olajuwon wa Lagos. Naye alichelewa kuanza kikapu, akasoma Chuo Kikuu cha Houston, akachaguliwa wa kwanza mwaka 1984 mbele ya Michael Jordan, na akatwaa ubingwa 1994 na 1995. Cha pili ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyetoka chuo cha Georgetown, akachaguliwa wa nne mwaka 1991, akacheza misimu 18 na kuwa mlinzi bora wa ligi mara 4. Alipotokea Mwafrika wa tatu, mrefu, aliyechelewa kuanza na anayezuia mitupo, wakaona kitabu hiki tumeshakisoma, mwisho wake tunaujua.

Ndiyo makosa ya msomaji mvivu. Anaona jalada linafanana, anadhani na hadithi inafanana. Olajuwon alikuwa amedaka mpira wa mikono na kucheza soka Nigeria, na miguu yake ilikuja Marekani tayari inajua kucheza. Isitoshe, majira ya joto Houston alijifua dhidi ya Moses Malone, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa masenta wakali kabisa wa NBA. Urefu ulikuwa sehemu ndogo ya mtaji wake.

Februari 2009 kulikuwa na mchezo mmoja ambao ungefaa kusomwa mara mbili. Connecticut walikutana na Pittsburgh, yenye senta aitwaye DeJuan Blair, mfupi kwa Hasheem kwa karibu sentimita 20 lakini mpana kama ghala la pamba. Blair alifunga pointi 22 na kuchukua ribaundi 23, na katika purukushani moja alimrusha Hasheem juu ya bega lake hadi chini. Pittsburgh wakashinda. Mwisho wa msimu wawili hao wakagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao ya Big East. Kwenye drafti, Hasheem akawa wa pili. Blair, ambaye timu ziliogopa magoti yake, akawa wa 37, na bado akacheza NBA misimu 7. Utabiri unaweza kumkosea mtu juu na kumkosea mwingine chini, usiku mmoja.

Nini kilitokea Memphis? Kwanza, nafasi. Timu ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi ile ile, na wiki chache baada ya drafti ikamleta Zach Randolph. Kijana aliyehitaji kucheza ili ajifunze akapata dakika 13 hivi kwa mchezo. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, kwenye ligi ndogo ya maendeleo. Kabla yake hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko, na magazeti yakaipokea habari kama hukumu.

Pili, sheria. Chuoni mlinzi anaweza kusimama chini ya kikapu muda anaotaka, kama mlinzi wa geti, na kumsubiri anayekuja. NBA imekataza hilo tangu msimu wa 2001/02: kama hakuna unayemkaba kwa karibu, ukizidisha sekunde 3 ndani ya eneo lile unaadhibiwa. Kipaji kikubwa cha Hasheem kilikuwa kusimama pale na kutisha. Alipofika kwa wakubwa, sheria ikamwambia asogee, na wapinzani wanaotupa kutoka mbali wakamvuta nje zaidi, kwenye uwanja mpana ambako miguu inahesabika kuliko urefu.

Tatu, miaka. Mtu aliyeanza na miaka 15 alikuwa na miaka saba tu ya mchezo mgongoni alipochaguliwa, na mingi kati ya hiyo aliishinda kwa urefu. Ukishinda kwa urefu, hakuna anayekulazimisha kujifunza kingine. Chuoni wapinzani wake wengi hawakumfikia begani. NBA akakutana na wanaume wenye uzito, ujanja na njaa ya kutunza ajira zao.

Simalizi hesabu hapo, maana kuna Joel Embiid wa Cameroon. Naye alichelewa kuanza kama Hasheem, akachaguliwa wa tatu mwaka 2014, akakosa misimu miwili mizima kwa majeraha, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Kuchelewa peke yake hakumwangushi mtu. Kunampunguzia muda wa kukosea, na Hasheem muda huo hakupewa. Februari 2011 akauzwa Houston. Machi 2012 akapelekwa Portland. Baadaye mwaka huo Oklahoma City wakamchukua, akakaa misimu miwili pembeni ya Kevin Durant. Mwaka 2014 safari yake ya NBA ikaishia hapo: michezo 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Baada ya hapo alicheza Japan na Taiwan. Mtu anayedaiwa kufeli aliendelea kulipwa kwa kucheza kikapu miaka mingi baada ya sisi kuacha kumtazama.

Linganisha na Mbwana Samatta, ambaye tunamsimulia kama kinyume chake. Samatta hakupita chuo wala drafti. Alitoka Mbagala, akapita Simba, na mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Huko alikaa karibu miaka mitano, akatwaa ubingwa wa Afrika 2015. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, akatwaa ligi msimu wa 2018/19 akiwa mfungaji tegemeo. Ndipo Januari 2020 akafika Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya England. Alipanda ngazi moja moja, na kila ngazi ilimpa muda wa kukosea kabla ya inayofuata. Hasheem alirushwa moja kwa moja juu ya paa, kisha tukashangaa kwa nini anayumba.

Hapa Kisesa tuna kipimo chetu cha zamani cha kipaji. Ipo Bujora, makumbusho ya Wasukuma, na kila Juni inakuja sherehe ya Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Kwa ngoma, kipimo hicho ni cha haki, maana ngoma imetengenezwa kwa ajili ya watu hao hao. Lakini manju mzuri anajua umati unahama. Asubuhi uko kwako, jioni uko kwa mwenzako, na wewe hujasahau hata wimbo mmoja.

Nadhani Hasheem tulimpima kwa kipimo cha Bulabo. Mwaka 2009 nchi nzima ilikuwa upande wake. Ngoma ilipohamia kwingine tukahama nayo, kisha tukasema yeye ndiye aliyeacha kucheza. Sisemi alikuwa senta mkubwa wa NBA. Takwimu zinakataa, na kumtetea kwa uongo ni kumdharau. Ninachosema ni kwamba maneno mawili tumeyachanganya: kutofikia utabiri na kufeli. Utabiri ule hakuuandika yeye. Waliuandika watu waliolipwa kutabiri, na wao walibaki na kazi zao.

Na jambo hili siyo la kumhurumia mtu mmoja aliyekwisha kulipwa dola zake. Linawahusu wale wa stendi ya Kisesa. Shule nyingi ninazopita kuanzia hapa hadi Magu zina magoli ya miti na hazina ringi hata moja. Kijana mrefu wa huku hana pa kuanzia akiwa na miaka 8, kwa hiyo akibahatika ataanza na 15, kama Hasheem. Tukimfundisha kwamba hadithi ile ni kichekesho, atajifunza kwamba kujaribu na kufika katikati ni aibu. Tukimfundisha ilivyo kweli, atajua vitu vyenye manufaa: kwamba urefu utamfungulia mlango lakini hautamkalisha ndani, kwamba timu inayokuchagua ni muhimu kama namba unayochaguliwa, na kwamba kama kuna ngazi ya katikati, asione haya kuipanda.

Hadi ninapoandika haya, hakuna Mtanzania mwingine aliyecheza NBA. Hiyo michezo 224 ndiyo historia yetu yote ya pale. Ni kitabu kifupi, lakini hatuna kingine, na anayekicheka bila kukisoma hatakuwa na cha kumwambia kijana atakayekuja kuandika cha pili.