Waliovuka Yordani



Katika sura ya 21 ya Injili ya Luka, Bwana wetu awaonya wanafunzi kwamba watakapoona majeshi yameuzunguka Yerusalemu, walio ndani ya mji watoke. Sisi tumezoea kuyasikia maneno hayo huku tukifikiria mwisho wa dunia. Kwa Wakristo wa kwanza yalihusu nyumba zao, wagonjwa wao na jirani zao, kwa maana majeshi hayo yalikuja kweli.

Mwaka 66 liwali Gesio Floro alichukua talanta 17 kutoka hazina ya Hekalu. Wayahudi walikuwa wamekwisha kuvumilia mengi: kodi, dharau, na maliwali waliokuja kujitajirisha. Eleazari mwana wa Anania, mkuu wa walinzi wa Hekalu, akawashawishi makuhani wasitoe tena sadaka kwa ajili ya kaisari. Hapo vita ilikuwa imetangazwa. Cestio Galo, liwali wa Siria, akaja na jeshi lake, akashindwa kuuteka mji, na alipokuwa akirudi akapigwa vibaya katika njia ya mlimani ya Beth-horoni. Wengi wakaamini kwamba Mungu yu upande wao.

Tusiwahukumu upesi, ndugu zangu. Walionewa kweli. Na tukumbuke kwamba Bwana mwenyewe, katika wale Kumi na Wawili, alimwita Simoni aitwaye Zelote, akamketisha meza moja na Mathayo mtoza ushuru.

Basi Wakristo wa Yerusalemu wangefanya nini? Walikuwa Wayahudi kwa damu, nao walisali Hekaluni. Mchungaji wao, Yakobo ndugu wa Bwana, alikuwa ameuawa mwaka 62 kwa hila ya kuhani mkuu Anano, wakati liwali mpya alikuwa bado njiani. Mahali pake wakamweka Simeoni mwana wa Klopa. Eusebio wa Kaisaria, aliyeandika historia ya Kanisa katika karne ya nne, asimulia kwamba kabla ya vita Wakristo hao walipata onyo kutoka kwa Mungu, wakahamia Pela, mji ulio ng'ambo ya Yordani.

Wataalamu wengine huitilia shaka habari hiyo, kwa sababu Yosefo, Myahudi aliyeishuhudia vita, autaja Pela miongoni mwa miji iliyoshambuliwa na waasi mwanzoni kabisa. Kwetu sisi hoja hiyo haitoshi. Mji uliopigwa mara moja huweza bado kupokea wakimbizi.

Waliobaki Yerusalemu waliyaona makuu. Mwaka 70 Tito mwana wa Vespasiano aliuzingira mji. Humo ndani watu wa Yohane wa Giskala na watu wa Simoni mwana wa Giora walikuwa wakipigana wao kwa wao, hata ghala za nafaka zikateketea katika ugomvi huo. Njaa ikaua watu wengi. Hekalu likachomwa moto mwezi wa Agosti. Kisha Wayahudi wa dola yote wakatozwa drakma mbili kila mwaka kwa ajili ya hekalu la Yupita huko Roma, badala ya zaka ile waliyokuwa wakiitolea nyumba ya Mungu wao. Aibu hiyo iliuma kuliko fedha yenyewe.

Je, waliovuka walikuwa waoga, au wasaliti wa taifa lao? Hatushangai ikiwa waliobaki waliwaita hivyo. Lakini hatuoni kwamba waliipenda Roma. Walikataa upanga, wakapoteza mji wao kama wenzao.

Hapa twawaomba makatekista jambo moja. Msifundishe kwamba moto ule ni ushahidi kuwa Mungu amewatupa Wayahudi. Wakristo walisema hivyo kwa karne nyingi, na matunda yake yalikuwa machungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikataa kabisa Wayahudi wasionyeshwe kama watu waliolaaniwa.

Wala kuvuka mto hakukuwaondolea Wakristo shuku ya Roma. Zamani za kaisari Trajano, Simeoni yule yule, sasa mzee sana, alishtakiwa kuwa ni Mkristo, tena ni wa ukoo wa mfalme Daudi. Wakamtesa siku nyingi, kisha wakamsulibisha.